Kila Nguo Iwe na Mfuko

Wa kwanza kuja alikuwa karani wa posta, na alichotaka kilikuwa kidogo mno hata Bi Pindo akadhani anataniwa. Alitandaza juu ya meza ya kukatia gauni la kitani, rangi ya samawati, jipya, lisilo na kasoro hata moja, akasema, "Nitilie mfuko."

"Mfuko wa nini?"

"Mfuko tu, hapa ubavuni. Naenda nalo harusini."

Bi Pindo alikuwa fundi cherehani kwa miaka ishirini na saba. Alikwisha kupunguza, kupanua, kufupisha na kurefusha. Siku moja alimshona mtu ndani ya gauni lake kwa sababu zipu iligoma dakika za mwisho. Lakini mfuko wa harusini hakuwahi kuombwa. Mwanamke anayekwenda harusini hubeba mkoba, tena mkoba wenyewe ndio nusu ya mapambo. Hata hivyo alipima, akakata, akashona, na karani akaenda zake.

Kesho yake akaja mwalimu wa hesabu na shati la mistari. Hakutaka kushonewa chochote. Alitaka kujua tu kama mistari myembamba kiasi kile nayo inahesabika kuwa mistari. Siku ya tatu wakaja mawifi wawili, kila mmoja na gauni lake, na wote walitaka mifuko, na yule mdogo alitaka mikono ya gauni ikatwe iishie juu ya kiwiko.

"Nyie watu," akasema Bi Pindo, pini zikiwa mdomoni, "mnakwenda harusini au mnakwenda kupakua magunia?"

Wifi mkubwa alicheka, akafungua mkoba wake, akampa kadi.

Ilikuwa kadi nzito, nyeupe, na herufi zake zilikuwa zimezama ndani ya karatasi hata ukipitisha kidole unazihisi. Bi Pindo aliipapasa kwanza, maana kazi safi haimpiti, kisha ndipo akaisoma. Juu yalikuwa maneno ya kawaida ya mwaliko. Chini yake paliandikwa hivi: "Harusi ni saa nne asubuhi, katikati ya kiangazi, na ukumbi una feni tatu tu. Tafadhali vaeni nguo nyepesi. Kifuani pawe rangi moja, bila maua, bila mistari, bila kumetameta. Mikono iishie juu ya kiwiko. Bangili na pete kubwa zibaki nyumbani, na kofia pana pia. Kila nguo iwe na mfuko. Asanteni, karibuni sana."

"Nguo nyepesi naelewa," akasema Bi Pindo. "Joto la mwaka huu hata pasi inalilalamikia. Lakini joto na mfuko wapi na wapi?"

"Hata sisi hatujui," akasema wifi mkubwa. "Bwana harusi tunamjua, ni fundi wa mabomba, tumemwona akikua. Bibi harusi ni nesi, kwao ni mji mwingine. Watu wake hatujawaona. Tumemuuliza mama wa bwana harusi, anacheka tu. Anasema fanyeni mlivyoambiwa."

Sasa, kumnyima Bi Pindo sababu ya jambo ilikuwa sawa na kumwachia uzi unaning'inia kwenye mshono. Hata jina lake lilitokana na tabia hiyo. Alikuwa hawezi kukutana na mtu bila kutazama kwanza pindo la nguo yake, limeshonwaje, na nani, kwa uzi gani. Uso wa mtu ulifuata baadaye. Wateja wakamwita Bi Pindo, naye akaona jina limemkaa.

Duka la jirani lilikuwa la muuza vifungo, mzee mjane aliyeitwa Vifungo na kila mtu, pamoja na wajukuu zake. Kati ya maduka hayo mawili palikuwa na ukuta wa mbao wenye kidirisha, na kupitia hapo walipeana chai, mikasi na habari. Jioni ile Bi Pindo alimsomea kadi yote, maana aliomba kubaki nayo mpaka magauni yawe tayari.

"Mpiga picha," akasema Vifungo bila kusita. "Mpiga picha ndiye hataki maua. Yanavuruga picha."

"Na mfuko?"

"Mfuko wa simu. Hawataki watu wapige picha zao."

"Hapo wangeandika tu msije na simu. Na pete kubwa je? Pete inamkosea nini mpiga picha?"

Vifungo akakuna kidevu. "Basi kuna mchezo. Watu watagawiwa vitu wavitie mfukoni."

"Vitu gani hivyo visivyoingia kwenye mkoba?"

Walifika mpaka kwenye wazo kwamba bibi harusi ana gauni la maua na hataki kushindana na mtu, wakaliacha. Siku iliyofuata walianza upya. Kadi ilikaa imebandikwa kwa pini juu ya cherehani, na kila mteja aliyeingia aliulizwa maoni yake, hata waliokuja kubadilisha zipu ya suruali.

Wiki ya pili akaja Shangazi.

Huyu alikuwa shangazi wa bwana harusi, dada mkubwa wa baba yake, mwanamke wa umbo na sauti, aliyezoea kusikilizwa. Alishusha mezani kitambaa chepesi cha pamba chenye maua ya alizeti, kila ua kubwa kama sahani. Kisha akashusha boksi, akalifungua, akatoa kofia. Ukingo wake ulikuwa mpana hata Bi Pindo alilazimika kurudi nyuma hatua moja.

"Maua yaanzie shingoni," akasema Shangazi. "Ua moja kubwa likae hapa katikati ya kifua, lisipotee."

"Shangazi, kadi umeiona?"

"Nimeiona. Mimi nimembeba huyo kijana mgongoni. Leo niambiwe na karatasi nivae kama karani wa idara ya maji?"

"Imeandikwa tu kifuani..."

"Waandike watakavyo. Wakinipa sababu nitaisikiliza. Bila sababu, ni amri, na amri mimi niliacha kuzipokea alipofariki mume wangu."

Bi Pindo hakubisha. Moyoni aliona Shangazi anasema kweli. Hata yeye angetaka sababu. Akachukua vipimo, akakunja kitambaa, akakiweka rafuni bila kukikata.

Jumatano yake, muda mfupi kabla ya adhuhuri, alikuwa anavuta uzi wa bitana aliposikia mtu upande wa pili akiomba vifungo vya lulu. "Vidogo kabisa, kumi na vinane, vya mgongoni." Vifungo kumi na vinane vya mgongoni vina maana moja tu. Bi Pindo akaacha uzi, akasogeza uso kwenye kidirisha.

Palikuwa na binti wa miaka kama ishirini na sita, viatu vya kazi, nywele zimefungwa nyuma. Pamoja naye alikuwa mwanamume wa makamo mwenye shati jeusi tupu la mikono mifupi, na kidoa cha wino kwenye kucha ya kidole gumba. Vifungo alimwaga vifungo vya lulu kwenye sahani. Binti aliinama, akaweka mkoba wake sakafuni, katikati ya miguu. Halafu akamshika yule mwanamume bega, akamgeuza taratibu ili mwanga wa mlangoni umwangukie usoni badala ya mgongoni. Kisha akainua mikono yake miwili na kuanza kusema nayo.

Mwanamume alijibu kwa mikono. Vidole vyake vilikwenda haraka mbele ya lile shati jeusi, na kila kitu kilionekana wazi kama maandishi ubaoni. Nyusi zake zilipanda, mashavu yakajaa, mdomo ukapinda. Alikuwa anasema kifungo hiki kimepasuka, hata Bi Pindo alielewa. Binti alicheka, akakirudisha kwenye sahani.

Bi Pindo alitazama mkoba uliokuwa sakafuni. Akatazama shati. Akatazama mikono isiyo na bangili, uso ulio kwenye mwanga.

"Mfuko!" akapiga kelele.

Vifungo alishtuka, sahani ikaruka, lulu zikatawanyika sakafuni. Binti aligeuka ghafla. Mwanamume hakugeuka mpaka alipoona vifungo vinabingirika kwenye viatu vyake.

Bi Pindo alizunguka kwa mlango wa mbele, utepe wa kupimia ukiwa shingoni, akaanza kuokota pamoja nao, akiomba radhi kila anapookota kimoja. Alipofika miguuni kwa binti akamwambia, bado amechutama, "Wewe ndiye wa ile kadi."

"Kadi gani?"

"Ya mifuko. Mtu akishika mkoba, mkono mmoja umefungwa, hawezi kusema. Maua kifuani yanachosha macho ya anayesoma vidole. Bangili zinameta. Kofia inatia uso kivuli. Wiki mbili nzima silali vizuri kwa ajili yako, mwanangu."

Binti alimtazama. Halafu akacheka mpaka akaketi kwenye kiti cha wateja, akamweleza yule mwanamume kwa mikono. Naye akamtazama Bi Pindo juu mpaka chini, akanyoosha kidole chenye wino, akauliza jambo.

"Huyu ni baba yangu," akasema binti. "Ni mpiga chapa, kadi ni kazi yake. Anauliza herufi umezionaje."

"Mwambie nimezipapasa kabla sijazisoma."

Baba alipoelezwa, aliweka kiganja kifuani akainamisha kichwa kidogo, kama fundi anayesifiwa na fundi.

"Mama naye hasikii," binti akaendelea. "Na marafiki wao wote wa miaka yote, watu kama arobaini. Wanakuja wote. Sitaki wakae pembeni kwenye harusi yangu wakikodolea macho midomo ya watu chini ya makofia. Nataka mgeni yeyote akitaka kujaribu kusalimia, awe na mikono miwili, na aonekane."

"Sasa kwa nini hukuandika hivyo hivyo kwenye kadi? Watu wangeelewa."

Binti akaviringisha kifungo kimoja kiganjani. "Fundi, watu wakiambiwa mapema wanakuja na nyuso za msibani. Wanamshika mama mkono kama mtu aliyefiwa, wanamwangalia kwa kuinamisha shingo hivi. Mama yangu ni mcheshi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nataka wamkute anacheka. Wakishamjua, wakitaka kumhurumia, wamhurumie kwa nafasi yao. Tafadhali usimwambie mtu."

Bi Pindo aliahidi. Vifungo, aliyekuwa bado yuko chini ya meza akitafuta kifungo cha kumi na nane, akaahidi kutoka huko huko chini.

"Na nyie njooni," akasema binti akiokota mkoba wake. "Mifuko mnajua kuitia."

Kutunza siri kulimtesa Bi Pindo kuliko kuitafuta. Wateja waliendelea kumuuliza, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyewazoesha, naye akawa anajibu kwa kukohoa. Kile kidirisha kilikaa kimefungwa karibu wiki nzima. Yeye na Vifungo waliogopa kwamba wakianza tu kuzungumza, mtaa mzima utasikia.

Lakini Shangazi alikuwa anakuja kujaribu gauni Jumamosi, na kitambaa kilikuwa bado rafuni.

Alipofika na kukiona hakijakatwa, alivuta pumzi ya kuanza. Bi Pindo akamtangulia.

"Shangazi, sababu nimeijua. Nimeahidi kutoisema."

Shangazi akaishusha ile pumzi polepole. "Ni ugonjwa?"

"Hapana."

"Ni mambo ya dini?"

"Wala."

"Ni uchawi?"

"Shangazi!"

"Sasa nifikirie nini? Unaniambia unajua, halafu unafunga mdomo. Wewe! Wewe ufunge mdomo!" Alikaa kwenye kiti, akajipepea kwa mkono. Alikuwa amekasirika, lakini Bi Pindo aliona macho yake yamechangamka. Aliitambua hali ile, maana alikuwa ameiishi wiki mbili. "Ni sababu nzuri?"

"Ni nzuri mpaka utajilaumu ukiipuuza."

"Niambie kidogo tu."

"Sina kidogo. Nakuomba hivi: maua yabaki, lakini yaanzie kiunoni kwenda chini. Kifuani nikutilie kahawia tupu, ile ile iliyo katikati ya ua. Ukifika pale usione maana yake, unirudishie gauni, nalifumua na kulishona upya kwa maua mpaka masikioni."

Shangazi alinyoosha mkono akashika ua moja, akalifunika sehemu ya juu kwa kiganja, kama anayepima.

"Sawa," akasema. "Lakini kofia inakuja."

Siku ya harusi jua liliamka na hasira. Ukumbi ulikuwa wa chumba kimoja kirefu chenye madirisha makubwa pande mbili, yote wazi, mapazia yamefungwa mafundo. Viti havikupangwa mistari kama ilivyozoeleka. Vilikuwa duara moja ndani ya jingine, kila mtu akiwaona wengine. Bi Pindo aliingia na Vifungo, yeye na gauni la kijani kibichi, mzee na shati la kijivu lenye mfuko mpya. Wakasimama mlangoni.

Nusu ya ukumbi ilikuwa imejaa maongezi, na hayakuwa na sauti. Watu arobaini walikuwa wanafanyiana masihara toka upande huu mpaka ule, juu ya vichwa vya wengine, bila kupaza sauti. Mwanamume mmoja alikuwa anasimulia kisa kwa mtu aliyekaa mbali kabisa dirishani, na yule wa dirishani alikuwa anajifuta machozi ya kicheko. Wageni wa upande wa bwana harusi waliingia wawili wawili, wakatazama, kisha mmoja mmoja wakajitazama vifuani. Karani wa posta alitia mkono mfukoni, akautoa, akautazama. "Ahaa," akasema kwa sauti ndogo.

Shangazi alifika kama meli. Gauni lilimpendeza kweli. Kahawia ya juu ilifanya alizeti za chini ziwake. Kofia ilikuwa kichwani. Alielekezwa kiti cha heshima karibu na mama wa bibi harusi, mwanamke mwembamba mwenye gauni la zambarau, ambaye alisimama na kumsalimia kwa ishara pana ya mikono miwili.

Shangazi alibaki ameganda. Bi Pindo, aliyekuwa duara la pili, alimwona akielewa: macho yake yalikwenda kwenye mikono ya yule mama, yakazunguka ukumbi, yakarudi kwenye kifua chake mwenyewe. Alifungua mdomo, akasema jambo. Mama wa bibi harusi hakuweza kuona midomo, kivuli cha kofia kilifika kidevuni. Basi akainama, akapinda shingo, akachungulia chini ya ule ukingo kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda. Watu wa duara la kwanza wakacheka.

Hapo ndipo Bi Pindo alipogundua kwa nini kofia ilikuwa lazima ije. Shangazi aliinua mikono, akasita, akaishusha. Akaiinua tena. Akaivua kofia. Chini yake nywele zilikuwa zimesukwa nusu tu. Upande wa kushoto ulikuwa mistari mizuri, upande wa kulia ulikuwa umesimama wima kila unywele kivyake. Msusi alikuwa amemwangusha jana yake, na aliitegemea kofia.

Ukumbi ulitulia, hata wanaosikia. Shangazi alisimama wima, kofia kifuani, uso wazi kwenye mwanga, akasema taratibu na kwa midomo mipana, "Karibuni kwetu."

Mama wa bibi harusi alizitazama nywele zile. Kisha akatia mkono kwenye mfuko wa gauni lake, akatoa kitana na pini nne, akamkalisha Shangazi, na akaanza kuzibana pale pale, mbele ya watu wote, akimsimulia kwa ishara za uso jinsi nywele zake yeye zilivyowahi kumtoroka siku ya harusi yake. Shangazi hakuelewa nusu ya kisa, lakini alicheka kiasi cha kushika mbavu. Bibi harusi alipoingia na vifungo vyake kumi na vinane mgongoni, wageni wa kwao waliinua mikono hewani na kuitikisa, vidole vimetanuka, maana ndiyo makofi yao, na wengine wakaiga, wachache kwanza, halafu ukumbi mzima.

Baada ya kula, mama wa bibi harusi alipita akiwasalimia wageni. Alipofika kwa Bi Pindo hakutazama uso. Aliinama, akashika pindo la gauni la kijani, akaligeuza, akaukagua mshono kwa ukucha. Bi Pindo alitazama chini, akaona pindo la zambarau limeshonwa kwa mkono, pigo dogo kama punje ya ufuta. Naye akainama akalishika. Wakabaki hivyo wawili, kila mmoja na pindo la mwenzake mkononi.

"Mama ni fundi pia," akasema bibi harusi aliyekuwa nyuma yao. "Gauni langu hili amelishona yeye."

"Muulize," akasema Bi Pindo haraka, maana swali lilikuwa limeshamfika kooni, "muulize anajuaje cherehani ikianza kuharibika. Mimi naisikia. Yeye je?"

Mama alisoma mikono ya binti yake, akatabasamu. Akaandika kitu kwenye kipande cha karatasi, akampa Bi Pindo. Ilikuwa siku na saa: Jumanne, saa tatu.

Jumanne saa tatu kamili mama wa bibi harusi alikuwa mlangoni pa duka la Bi Pindo. Vifungo alifungua kidirisha, akaweka kiwiko. Mama yule aliketi kwenye kiti cha Bi Pindo bila kuombwa, akavuta kipande cha kitambaa, akakanyaga. Kiganja chake cha kushoto alikilaza juu ya meza, kimetulia. Akashona shibiri moja, akaacha. Akafumba macho, akashona tena. Kisha akamshika Bi Pindo mkono, akaulaza pale pale ulipokuwa wake, akakanyaga.

Mwanzoni Bi Pindo hakuhisi kitu zaidi ya mtetemo alioujua miaka yote. Mama akakisogeza kiganja cha Bi Pindo vidole viwili kuelekea ukutani. Hapo kulikuwa na kitu kingine ndani ya mtetemo, kidogo, kinachogonga kila mzunguko wa tatu, kama kwikwi.

"Vifungo," akanong'ona Bi Pindo, "kuna kitu humu ndani."

Mgeni alikuwa ameshaona uso wake ukibadilika. Alikunja mikono ya nguo, akainamisha kichwa cha cherehani nyuma kwenye bawaba zake, akanyoosha kiganja kuelekea kidirishani, na kwa vidole vya mkono mwingine akazungusha hewani skrubu isiyoonekana. Vifungo aliangalia mara moja tu, akaenda kutafuta bisibisi.